Silabi Mbili Nilizoziruka

Nilizungumza kwa kujiamini kabisa. Nikaeleza jinsi kaka mtu alivyomuua mdogo wake, na jinsi hatia ilivyomtafuna mpaka mwisho wa riwaya. Tulikuwa wasomaji sita, tumekaa duara, kila mmoja na nakala yake mapajani. Nilipomaliza, bibi mmoja aliyefundisha lugha karibu maisha yake yote akanitazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, hebu turudi sura ya nne." Akafungua, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, neno baada ya neno, kama mtu anayeshuka ngazi gizani: "Aliuawa na mdogo wake, kisimani, jua halijachomoza."

Aliuawa na. Mimi nilikuwa nimesoma "aliua". Macho yaliruka silabi mbili, nikamgeuza marehemu kuwa muuaji, kisha nikasoma kurasa zote zilizobaki nikimchukia mtu aliyekwisha zikwa. Kila mdogo alipotokea nilidhani mwandishi anarudi kwenye kumbukumbu, au ni mzimu unaomwandama kaka yake. Nilipokutana na jambo lisiloingia kwenye hadithi yangu nililipita, maana kasi ilikuwa hainiruhusu kusimama. Nikafika mwisho, nikafunga kitabu, nikaandika jina lake kwenye orodha ya vitabu nilivyomaliza.

Hakuna aliyenicheka pale. Bibi alifunga kitabu, akahamia swali jingine. Lakini njiani kurudi nyumbani sikuwaza kingine. Mtu anayesikia anachosoma asingefanya kosa lile, kwa sababu Kiswahili kingetaka "alimuua mdogo wake". "Aliua mdogo wake" inakwaruza sikio. Mimi sikio nilikuwa nimelizima, tena kwa makusudi, baada ya kufundishwa kulizima.

Wiki kumi na moja kabla ya siku ile nilianza mafunzo ya kusoma haraka. Nilishauriwa na mtu ninayemheshimu, ambaye kila mwaka hutangaza amesoma vitabu vingapi. Akaniambia tatizo langu ni kwamba nayatamka maneno moyoni, na kwamba hiyo ni tabia ya kitoto. Nikapakua programu inayokurushia neno moja moja katikati ya kioo cha simu. Nilianzia maneno 250 kwa dakika, nikapanda 400, nikafika 600. Nilijiona nimepata ufunguo. Ndani ya miezi minane ya mwaka ule nilimaliza vitabu 34, vingi kati yake katika zile wiki kumi na moja.

Usiku wa siku ile ya aibu niliichukua orodha yangu, nikaweka kidole juu ya majina bila kuchagua, nikajiuliza: hiki kilinipa nini? Cha kwanza nilikumbuka rangi ya jalada. Cha pili nilikumbuka kwamba nilikimaliza nikiwa kwenye foleni. Cha tatu sikukumbuka hata kama kilikuwa hadithi au makala. Niliendelea mpaka cha kumi, nikaiweka orodha chini. Nakwambia kweli, ilikuwa kama kugundua kwamba umekula mwaka mzima bila kuhisi ladha.

Nikaanza kuuliza jicho linafanya kazi vipi, na majibu yalinitia hasira kwa sababu yamekuwepo muda mrefu. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa macho wa Ufaransa, Émile Javal, alikwisha kuwaeleza watu kwamba jicho halitelezi juu ya mstari. Linaruka, linatua, linaruka tena. Kila kituo huchukua takribani robo ya sekunde, na sehemu ya jicho inayoona herufi kwa ukali ni ndogo mno, inatosha herufi chache tu kwa wakati mmoja. Na kati ya kila miruko kumi hivi, mmoja hurudi nyuma kuhakikisha. Ile programu yangu ilikuwa imeniondolea kurudi nyuma, jambo ambalo jicho lenye afya hulifanya bila kuombwa.

Na huo mwendo wa kawaida ni upi? Mwaka 2019 mtafiti Marc Brysbaert alikusanya matokeo ya tafiti 190 za kasi ya kusoma Kiingereza. Mtu mzima anayesoma kimya makala au kitabu cha maarifa huenda kwa wastani wa maneno 238 kwa dakika. Hadithi ni kama 260. Mimi nilikuwa nadai 600. Mafunzo ya namna hii yalienea Marekani tangu mwaka 1959, mwalimu Evelyn Wood alipoanza kuuza kozi zake, na mpaka leo watu wanayapokea bila kuuliza nini kinaachwa njiani.

Tena hesabu zote hizo ni za Kiingereza! Hili sijamsikia mshauri yeyote akilisema, nami linanikera kuliko yote. Chukua neno "hawakumwambia". Kwetu ni neno moja. Kwa Kiingereza ni maneno matano. Ndani ya hilo moja kuna ukanusho, kuna waliotenda, kuna wakati, kuna aliyetendewa, ndipo lije tendo lenyewe. Atakayekwambia uparaze macho juu ya mwanzo wa neno na mwisho wake, ukisie katikati, anakwambia utupe nusu ya sentensi. Sisi habari zetu tunazifungia katikati ya neno, na mwishoni kabisa ndipo unapojua aliyepiga na aliyepigwa.

Basi niliamua kupunguza mwendo, nikakosea tena. Nilifanya polepole kama nilivyofanya haraka, yaani kwa saa. Dakika tatu kwa kila ukurasa, kengele ya simu ikilia. Matokeo yake nilimaliza ukurasa kwa dakika moja na nusu, nikakaa nautazama, nikisubiri kengele. Siku ya nne nilijikuta nasoma namba ya ukurasa mara kwa mara. Nilisinzia. Nilihisi nimefungwa.

Nikatafuta ushauri kwa watu wa maisha ya utulivu, nao wakanichosha vilevile. Huyu anasema nunua kiti maalumu, huyu taa ya rangi fulani, huyu mishumaa yenye harufu, huyu niamke alfajiri kabla ya kila mtu. Mwingine alitaka niiache simu mwezi mzima, mimi mwenye wazazi wanaonipigia. Nilichojifunza ni kwamba utulivu nao una wauzaji. Usinunue chochote. Kiti ulicho nacho kinatosha, na kama mgongo unauma kaa chini.

Aliyenitoa pale ni dada yangu mkubwa. Nilimweleza yote kwa simu, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mara ya mwisho kusoma shairi lini?" Nikamwambia, dada, mashairi niliyaacha shuleni. Akasema, "Chukua diwani, mdogo wangu. Beti mbili kwa siku, kwa sauti. Usiongeze ya tatu hata ukitamani."

Nilianza jioni ile. Mwenye kulijua shairi la mizani 16 anajua halikimbiliki. Mizani nane za ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, kina, pumzi, mizani nane za utao, yaani nusu ya pili, kina, pumzi. Ukiongeza mwendo kina kinapotea na mshororo unaanguka mkononi. Ukimeza silabi moja sikio linajua, kwa sababu zinabaki saba na mguu hauna pa kukanyaga. Jioni ya kwanza nilimeza silabi mara tano katika ubeti mmoja. Nilikuwa nahesabu kwa vidole juu ya goti, napata kumi na tano, narudi mwanzo, napata kumi na tano, mpaka niligundua kwamba neno la tatu ni "wakaaga" nami nalisoma "wakaga". Irabu moja tu! Nilipoitamka, mshororo wote ulikaa sawa kama mlango uliorudishwa kwenye bawaba, na pale chumbani, peke yangu, nilitabasamu.

Wiki tatu nilikaa na beti mbili kwa siku. Kuna siku nilitamani ya tatu mpaka nikainuka kwenye kiti, lakini nilimtii dada, na leo naona kutamani kule kulikuwa nusu ya dawa. Zamani nilikuwa nafunga kitabu kwa kuchoka. Sasa nilifunga bado nina hamu, na kesho yake nikawa nakikumbuka tangu asubuhi.

Kutoka kwenye mashairi nilihamia nathari kwa ujanja huohuo. Nusu ukurasa wa kwanza nasoma kwa sauti ya chini, hata kunong'ona kunatosha. Kisha naendelea kimya, na ile sauti inabaki kichwani, inanivuta nyuma kila nikitaka kukimbia. Tunasoma kwa sauti polepole kuliko kimya, hilo liko wazi, na ndiyo maana dakika chache za mwanzo zinaweka mwendo wa saa nzima. Wenye aibu ya kusikika waanze wakiwa peke yao. Wenye watoto wadogo nyumbani wana bahati, kwa sababu mtoto hakubali urukwe mstari. Mpwa wangu mwenye miaka sita hunishika mkono nikiruka hata neno.

Kabla ya kufunga kitabu nachagua sentensi moja, nainakili kwa penseli. Moja tu. Ukiandika kwa mkono huna namna ya kukimbia, na ni hapo unapoona kwa nini mwandishi aliweka mkato pale na si pale. Penseli yenyewe nainoa kwa kisu. Nilianza hivyo kwa sababu kichongeo kilipotea, sasa sikitafuti tena. Ubao unatoka kwa utepe mwembamba uliojikunja, kingo zake zina mstari wa rangi, na ukikaza kisu kidogo tu unakatika. Kuna jioni nilifanikiwa kutoa utepe mmoja ukazunguka penseli mara tatu bila kukatika. Niliuweka kwenye kitabu kuwa alama ya ukurasa.

Simu huwa naiacha chumba kingine ikiwa na sauti kubwa. Akinitafuta mzazi nasikia. Mengine yanasubiri.

Sikutegemea kwamba polepole hii ingetoka kwenye kitabu ikaingia kwenye mambo mengine. Siku moja nilikuwa dirishani na diwani yangu, mawingu yakafunga, na kabla tone moja halijaanguka kwenye kibaraza chetu nikasikia harufu ya mvua kutoka mbali. Niliiweka diwani chini, nikavuta pumzi kwa dakika nyingi. Nimeishi na harufu ile tangu utotoni bila kuuliza inatoka wapi. Sehemu yake ni geosimini, kitu kinachotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno hewani. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa jina la kitaalamu harufu ya ardhi kavu inayopata mvua. Nilifurahi kujua kwamba kuna watu wazima waliokaa maabara kwa ajili ya harufu hiyo.

Kisha nguo. Kukunja nguo zilizotoka kwenye kamba ilikuwa kazi niliyoifanya huku nikisikiliza kitu masikioni, kwa kasi ya kumaliza. Sasa naifanya kimya. Shuka likitoka juani lina joto upande mmoja tu, ule ulioelekea jua, na ukikutanisha pembe mbili, unalivuta likanyooka, linatoa mlio mdogo kama bawa la ndege. Shati lina mahali pake pa kukunjika. Ukosi ukikaa, mengine yanafuata. Nyumbani waliniuliza kama nina tatizo, kwa jinsi nilivyokuwa nachelewa. Nikawaambia sina.

Idadi ya vitabu imeshuka, na sioni haya kuisema: tangu siku ile ya bibi ni miezi saba, nimesoma vinne. Kila kimoja naweza kukusimulia sasa hivi, na kwa kila kimoja nina ukurasa wa daftari uliojaa sentensi zake. Anayekuuliza umesoma vingapi mjibu kwa kumsomea moja ya hizo sentensi, utaona kama atauliza tena.

Cha nne ndicho kile cha kaka na mdogo. Nilikiahirisha makusudi, kwa sababu nilitaka kukifikia nikiwa na sikio. Nilipokaribia sura ya nne nilisimama siku mbili nzima. Ya tatu nilikaa dirishani asubuhi, nikaisoma kwa sauti: "Aliuawa na mdogo wake, kisimani, jua halijachomoza." Niliitamka "wa", nikaitamka "na". Kisha nikaendelea na aya inayofuata, ambayo mara ya kwanza sikujua kama ipo. Mama yao ameletewa habari. Mwandishi hasemi kwamba alilia. Anasema kulikuwa na shati la marehemu kwenye kamba, na mama akaliondoa, akalikunja, akalikunjua, akalikunja upya, kwa sababu upande mmoja wa ukosi ulikuwa haujakaa.

Niliinakili aya nzima, sio sentensi moja. Ilinichukua asubuhi yote.