Siku moja chini ya Land Rover 109

Saa 12:30 asubuhi nafungua geti la gereji hapa Chang'ombe, Dodoma. Upepo wa mwezi wa saba unakata masikio. Mzee mwenye gari amenitangulia. Ametoka Mpunguzi alfajiri.

“Mbukwenyi, fundi.”

“Mbukwenyi, mzee wangu. Shikamoo.”

Gari ni pikapu, Land Rover 109 Series III, jamii iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Analitaka kabla zabibu za mwezi wa nane hazijaiva. Likiwa tupu limetulia. Likipakiwa kreti, kila tuta lina mlio wa chuma kwa chuma.

Saa 1:30 gari liko juu ya stendi nne, kabari kwenye magurudumu. Sijawahi kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na kijana wangu namkataza vilevile.

Saa 2 mpaka saa 4 sishiki grainda. Nashika brashi ya waya, tochi na chaki. Chesisi ya 109 ni kama ngazi: nguzo mbili ndefu za bati lililochomelewa kuwa boksi, na katikati vipandio, ndizo krosimemba. Kila moja naiandikia namba, kisha naiuliza maswali mawili: nani alikuweka, na umebeba nini?

Za kiwandani zinajitambulisha. Ni bati lililokunjwa na mshono wake umenyooka. Ile ya giaboksi imefungwa kwa bolti ili ishuke bila kukatwa. Lakini namba 4 na namba 6 ni chaneli ya chuma, aina ya kutengenezea mageti, na uchomeleaji wake una mabonge. Mzee anakumbuka: gari liliwahi kufungwa injini ya Kijapani na giaboksi yake, namba 4 ikazibeba. Injini ikafa, ya asili ikarudi, chuma kikabaki. Namba 6 ilibeba tenki la pili la dizeli ambalo sasa halipo. Tumbo lake linang'aa kama sarafu mpya. Gari likipakiwa, springi zinalala, difu, lile boksi la gia la ekseli ya nyuma, inapanda, na propela, shafti inayoizungusha, inapanda nayo mpaka kugonga hapo. Huo ndio mlio.

Mzee akaionyesha namba 5, ya kiwandani, karibu na springi za nyuma. “Na hii haijabeba kitu, mwanangu. Itoe, gari liwe jepesi.”

Hapo sikukubali. Miaka ya nyuma nilikata moja kama hiyo kwenye gari la mtu, milango ikaanza kukataa kufunga kila akiegesha penye shimo. Nikachukua kreti ya mbao, nikang'oa ubao wa katikati chini, nikampa mzee aishike pembe mbili za mkabala aisokote. Ikapinda mikononi mwake. Akaitazama, akaitazama namba 5, akasema, “Basi iache.”

Saa 5 umeme umekatika. Ugali wa uwele na mlenda.

Saa 7 umeme umerudi. Betri tumechomoa, tenki la chini ya kiti tumelipeleka mbali, mabomba ya breki tumeyafunika kwa magunia mabichi. Napima chesisi kona kwa kona kwa futi, ili nijue kama itapinda nikikata: tofauti ya mistari miwili ya mshazari ni milimita 3. Nakata namba 4 na 6 nikiacha upana wa kidole kutoka kwenye nguzo, kisha kilichobaki nakisaga taratibu. Bati la nguzo si nene, na kuharakisha hapo ni kulitoboa. Nyuma ya namba 6 tope lililokwama miaka mingi lilikuwa limeshakula tundu. Nimekata mpaka kwenye chuma kizima, nikaweka kiraka. Napima tena kona kwa kona: milimita 3 zilezile.

Saa 10 rangi ya kuzuia kutu imekauka. Tunapakia mifuko ya mchanga na kushika barabara ya Iringa. Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. Mzee amezima redio ili asikie vizuri.

Saa 12 jioni anaondoka na vyuma vyake viwili nyuma ya pikapu. Anasema vitafaa kwenye banda la mbuzi. Chaki ya namba 5 sikuifuta.