Nilivyofanikiwa Kuunganisha Nyimbo za Sleng Teng

Nilitaka kuwapigia wageni wa sherehe ya ukoo nyimbo za ridimu moja tu, Sleng Teng, bila mtu kuchoka. Ridimu ni ule muziki wenyewe, besi na ngoma, ambao Jamaika hutengenezwa mara moja kisha hupewa waimbaji wengi, kila mmoja akaweka maneno na mahadhi yake. Asiyeizoea hudhani anarudishiwa wimbo uleule.

Nilianza na toleo la ala tupu, nikaifuatisha besi kwa mdomo mpaka ikanikaa kichwani. Mapigo hayo yalitoka katika kinanda kidogo cha Casio MT-40, ambamo yaliwekwa na Okuda Hiroko, mwanamuziki kijana aliyeajiriwa na kampuni hiyo ya Japani mwaka 1980, na ambaye chuoni alikuwa ameandika tasnifu juu ya reggae. Jijini Kingston, wanamuziki Noel Davey na Wayne Smith waliyakuta katika kinanda cha Davey, wakayapeleka kwa mtayarishaji wa muziki Prince Jammy mtaani Waterhouse, naye akayapunguza kasi, akayaongezea piano na makofi. Huko kupunguza kasi ndiko kulikonifungua masikio, kwa maana ndiko kunakoacha nafasi kati ya pigo na pigo, na kila mwimbaji huitumia nafasi hiyo kwa namna yake.

Kulinganisha kasi hakukunisumbua, kwa kuwa muziki ni mmoja. Kazi kubwa ilikuwa kupanga sauti. Nilisikiliza kila wimbo nikiandika mahali mwimbaji anaponyamaza na besi ikabaki peke yake, kwa sababu hapo ndipo wimbo wa pili unapoweza kuingia bila sauti mbili kugombana. Nilitanguliza "Under Mi Sleng Teng" ya Wayne Smith, iliyotoka mwaka 1985, kwa kuwa huimbwa kwa utulivu na kumzoesha msikilizaji ridimu. Nikafuatisha "Call the Police" ya John Wayne, kisha "Buddy Bye" ya Johnny Osbourne, mwimbaji aliyekwisha kukomaa katika reggae ya zamani, ambaye huchelewa kidogo nyuma ya pigo kana kwamba hana haraka yoyote.

Mwimbaji Tenor Saw nilimweka mwisho kwa makusudi. Sauti yake katika "Pumpkin Belly" ina huzuni ya nyimbo za kanisani, na maneno yake ni ya wahenga wa Jamaika, wanaojiuliza maji yalifikaje tumboni mwa boga. Kwangu mimi hakuna aliyeimba juu ya ridimu hii kumshinda. Wazee waliokuwapo walimpendelea Osbourne, tukabishana mpaka chakula kikapakuliwa. Sleng Teng ilipokwisha, niliendelea na Tempo, ridimu nyingine, ya mtayarishaji King Tubby, mwalimu wa Jammy, iliyotoka mwaka huohuo wa 1985 na kuimbwa na Anthony Red Rose.