Unene ndio unaotesa: kubuni kijiti cha silikoni cha kupapasia protini

Hadubini ya nguvu za atomu haitazami sampuli, inaipapasa. Kijiti cha silikoni kimeshikwa upande mmoja, mfano wa rula iliyobanwa ukingoni mwa meza, na mwishoni kina ncha. Leza ikipigwa mgongoni mwake huonyesha kimepinda kiasi gani. Protini haivumilii kusukumwa, kwa hiyo lenga ukakamavu (nguvu inayohitajika kukipinda kijiti) wa N/m 0.1 hadi 0.2, yaani nyutoni kwa mita.

Ukakamavu ni E × upana × unene³ ÷ (4 × urefu³), ambapo E ni kipimo cha ugumu wa malighafi yenyewe. Kwa silikoni iliyolala mwelekeo wa 110 wa fuwele, E ni GPa 169. Urefu wa maikromita 100, upana 20 na unene 0.6 vinakupa N/m 0.18 na mtetemo wa asili wa kHz 83 hewani. Sasa chukua 10, 2 na 0.13. Ukakamavu ni ule ule, mtetemo umeruka hadi MHz 1.8! Majini, ambako protini hupapaswa, utashuka sana, lakini kasi bado inatosha kuifuata protini inayosogea. Kwa vijiti vidogo hivyo (vyao vya nitridi ya silikoni), maabara ya Toshio Ando, Kanazawa, ilionyesha mwaka 2010 myosini V, protini yenye kutembea, ikipita juu ya uzi wa protini ya aktini.

Tatizo ni ile "³". Kwenye kijiti kidogo cha nanomita (nm) 130, ukizidisha unene kwa nanomita 13 tu, ukakamavu unapanda kwa asilimia 33. Usichonge kwa kutegemea saa. Anza na sahani yenye tabaka la oksidi chini ya silikoni, kisha punguza unene kwa kuoksidisha kidogo kidogo: kila nm 100 za oksidi hula nm 44 za silikoni. Yeyusha oksidi kwa asidi ya haidrofloriki, pima, rudia.

Upande wa nyuma wa sahani chonga kwa potasiamu hidroksidi. Kuta zinainama nyuzi 54.7, hivyo kwa sahani ya maikromita 525 ongeza karibu 370 kila upande wa dirisha la barakoa (tabaka linalokinga sehemu zisizochongwa). Baada ya kuachia vijiti, usivikaushe hewani; maji yakikauka huvivuta hadi vinate. Suuza kwa ethanoli, kausha kwa kaboni dioksidi juu ya nyuzi 31 za Selsiasi na baa 74. Ncha ioteshe baada ya yote hayo, kwa mwali wa elektroni.

Mgongo wa kijiti hupakwa metali ili uakisi leza. Alumini huliwa na bafa ya chumvi (maji yanayowekewa protini), ndiyo maana watu hukimbilia dhahabu. Ila piga hesabu kwanza: nm 20 za dhahabu ni nzito kuliko kijiti kidogo chenyewe, na mtetemo unashuka. Tena joto likibadilika kidogo, kinajikunja. Na doa la leza lisizidi maikromita 2 au 3, la sivyo nusu ya mwanga inapita pembeni.