Siku moja maishani mwangu: Mpemba kwenye mikarafuu ya Bali

Saa kumi na moja alfajiri

Mtu akisikia Bali, akili humpeleka ufukweni na kwenye mahekalu. Mimi huku naamshwa na adhana. Kijiji chetu kinaitwa Pegayaman, kiko milimani kaskazini ya kisiwa hiki cha Indonesia, juu kidogo ya mji wa Singaraja, na ni Waislamu tangu enzi. Kwa masimulizi ya wazee, mfalme wa Buleleng ndiye aliyewaleta askari kutoka Java katika karne ya 17 akawaweka hapa walinde njia ya mlimani. Wajukuu zao ndio waliobaki. Wanasema Kibali na majina wanapeana kwa utaratibu wa Kibali: mtoto wa kwanza Wayan, wa pili Nengah, wa tatu Nyoman, wa nne Ketut, halafu jina la Kiislamu linafuata. Wa tano naye Ketut, wa sita Ketut. Siku ya Maulidi ukiita "Ketut!" uwanjani, ujue umeita kijiji.

Mimi nimezaliwa Wete. Mume wangu tulikutana Muscat, sote tukiwa kwenye kazi za watu, na alipoamua kurudi kwao nikaja naye. Nyumbani walilia kwamba nakwenda mwisho wa dunia. Nilipofika nikakuta karafuu zimeanikwa barabarani.

Saa kumi na mbili

Baridi. Agosti hapa milimani unatoka na sweta. Mama mkwe, ambaye nyumba nzima tunamwita Meme, keshawasha jiko. Kahawa ya hapa haichujwi: unga unatiwa kwenye gilasi, maji ya moto juu yake, unangoja machicha yatue chini. Mwenye haraka atayatafuna. Kuna muhogo wa kuchemsha na nazi iliyokunwa, na hapo sijaona ugeni wowote.

Wachumaji wanaanza kuingia, wengine Waislamu wa hapa, wengine Wahindu wa vijiji vya jirani. Hao Wahindu wanatuita nyama selam, ndugu Waislamu, na sikukuu zao na zetu sahani za chakula hupishana njiani. Msimu huu mchumaji hodari anabembelezwa. Akikwambia leo anataka sigara kabla ya kazi, unampa sigara.

Saa moja na nusu

Shambani. Kwetu Pemba mchumaji hupanda mti wenyewe, akakanyaga tawi na kulivuta jengine kwa ngoe. Hapa wanatumia mwanzi mmoja mrefu wenye vikanyagio kushoto na kulia. Unasimamishwa wima kando ya mti, kisha kamba zinatoka juu yake na kufungwa kwenye miti mingine pande zote, usiyumbe. Bwana mmoja wa makamo ndiye fundi wa kufunga. Anavuta kamba, anaupiga mwanzi kwa kiganja, anasikiliza, anavuta tena. Hapandi mtu mpaka aseme. Mimi siku za mwanzo niliuona mwanzi ule nikasoma dua zote ninazozijua. Sasa nasoma moja tu.

Karafuu inachumwa kichwa kikiwa kimeanza kupiga wekundu lakini hakijafunguka. Ukichelewa inakuwa mpeta, yaani karafuu iliyopitiliza, na mpeta bei yake unaijua. Mti wenyewe una tabia ile ile ya kwetu: mwaka huu unakujaza, mwaka ujao unakununia.

Kuna jambo linalonifurahisha kila nikija huku chini. Wakulima wa Indonesia wanazigawa karafuu kwa aina: kuna Sikotok, kuna Siputih, na kuna inayoitwa Zanzibar, ambayo ndiyo inayosifiwa kwa kuzaa. Mbegu yake ilitoka kwetu. Na kwetu ilitoka wapi? Visiwa vya Maluku, mashariki ya nchi hii hii. Wafaransa waliiiba huko katika karne ya 18 wakaipanda Mauritius na Réunion, Waarabu wakaileta Unguja, ikafika Pemba, ikakubali udongo wetu, kisha ikarudi tena Indonesia na jina jipya. Meme akiwa na wageni huninyooshea kidole akasema, "Nayo hii ni Zanzibar, lakini bado tunangoja izae vizuri." Watu hucheka. Nina watoto wawili tu, na kwa hesabu ya Meme hao ni mavuno ya mwaka mbaya.

Tukitaniana sana nami humkumbusha kwamba watu wake ndio waliotuangusha. Sigara za kretek, zile zinazotiwa karafuu, zilianzia mji wa Kudus huko Java, na kwa miaka mingi viwanda vyake vilikuwa vinakula karafuu za Unguja na Pemba. Wakapanda miti yao, wakapanda mpaka miaka ya 1980 wakajitosheleza, na bei kwetu ikaanguka. Babu yangu alikuwa akiitaja Indonesia kama anavyomtaja mdeni asiyelipa. Meme naye ana lake la kujibu: miaka ya 1990 serikali ya Suharto ilikabidhi ununuzi wa karafuu zote kwa chombo kimoja, bei ya mkulima ikawa haifai hata kumlipa mchumaji, na watu wakashika mashoka wakaikata mikarafuu yao. Chombo hicho kilivunjwa 1998. Miti mikongwe unayoiona hapa ni ya wale waliokuwa wavivu kukata, anasema Meme.

Saa tatu na nusu

Nawaacha wachumaji na mume wangu, mimi na wifi yangu tunateremka Singaraja kwa pikipiki. Mafuta tunanunua dukani kwa jirani, yamo kwenye chupa za kioo zimepangwa kama sharubati. Wanaendesha kushoto kama sisi, hilo lilinisaidia. Kisichosaidia ni kona za Gitgit, maana lori la mchanga linapokuja juu huku wewe unashuka, njia yote ni yake. Mji si mbali, ila breki zinafika zinanuka.

Sasa kuna barabara mpya inayojengwa kwa vipande kukata kona hizi, ya Mengwitani hadi Singaraja. Vipande vilivyokwisha vina madaraja marefu ya kutisha, lakini gari linapita limenyooka. Kwa anayekuja kwetu kutoka uwanja wa ndege, ambao uko kusini kabisa ya kisiwa, hesabu bado ni kama saa tatu, ukipita Bedugul kwenye maziwa na nyani wanaokaa kando ya njia kudai ndizi. Kutoka Zanzibar au Dar unapitia Doha au Dubai. Mgeni wa matembezi anatozwa rupia 150,000 za kuingia Bali, tangu Februari 2024. Wadogo zangu wanaoniuliza "nije lini?" hiyo ndiyo hesabu ndogo kuliko zote. Nauli ndiyo yenyewe.

Saa tano

Ofisi ya mthibitishaji wa hati. Hapa ndipo siku inapokaa.

Mzee mmoja wa ukoo wa mume wangu anauza kipande chenye mikarafuu. Hapa ardhi wanaipima kwa "are", na are moja ni mita 100 za mraba. Eka ya kwetu inakuwa kama are 40. Sisi mpaka leo tunachuma kwenye miti ya kukodi. Unamlipa mwenye shamba, miti inakuwa yako kwa misimu mliyokubaliana, ardhi inabaki yake. Mzungu ukimweleza hivyo anakunja uso, lakini Mpemba hashangai. Kwetu mti na ardhi huweza kuwa na wenyewe mbalimbali, na ardhi yenyewe tangu 1964 ni ya serikali, hata zile eka tatu tatu za baada ya Mapinduzi watu walipewa kuzitumia tu. Huku kuna na balaa la ijon, yaani mtu kuuza karafuu zikiwa bado ni majani kwa sababu ana ada ya skuli ya kulipa. Hilo pia si geni.

Kigeni kilikuwa ni mimi mwenyewe. Sheria yao ya ardhi ya 1960 inasema umiliki kamili, hak milik, ni wa raia wa Indonesia. Mgeni anaweza kukodi, au akipewa ukaazi akapata hak pakai, haki ya kutumia, ambayo kwa kanuni ya 2021 ni miaka 30, ikaongezwa 20, ikahuishwa 30. Lakini kibaya zaidi ni kwamba raia akifunga ndoa na mgeni bila mkataba wa kutenganisha mali, kila atakachonunua ni cha wote wawili. Na kwa kuwa nusu ni ya mgeni, hawezi kushika hak milik. Maana yake mume wangu, mzaliwa wa hapa, babu na babu wa babu wamezikwa hapa, alikuwa hawezi kununua shamba la ami yake kwa sababu ya kunioa mimi. Zamani mkataba huo ulipaswa kuandikwa kabla ya nikahi, na nani Muscat alikuwa anajua habari hizo? Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikaruhusu uandikwe hata ndoa ikiwa imekwisha kufungwa. Tukaandika. Kwenye karatasi, mali yake ni yake na yangu ni yangu. Mama yangu kule Wete alipoambiwa alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mwanangu, si ndivyo dini ilivyo siku zote?"

Kwa hiyo leo tumeleta nakala ya mkataba huo pamoja na cheti cha ardhi ili ofisi ya ardhi ithibitishe kwamba cheti ni safi, hakina rehani wala kesi. Kikithibitishwa ndipo hati ya mauziano itasainiwa. Mnunuzi ana kodi ya asilimia 5 baada ya kutolewa kiwango kisichotozwa, muuzaji ana yake ya asilimia 2.5. Karani anageuza kurasa kwa kidole kilicholoweshwa mate, anauliza jina la baba yangu, anauliza "Pemba" inaandikwaje, anauliza kama ni Afrika Kusini. Tunasubiri. Wifi yangu amelala ameketi, kipaji ambacho ninakionea wivu.

Saa saba

Adhuhuri, kisha sahani ya blayag kwa mama lishe mmoja karibu na soko. Ni wali ulioshindiliwa kwenye majani ya mnazi, wenye mchuzi mzito na kuku juu. Singaraja ina mambo mengi ya kusifiwa, mimi naanza na hili.

Saa nane na robo

Simu ya mume wangu: "Wingu!" Tumepanda mlima kwa mwendo ambao sitauandika, mama yangu anasoma.

Karafuu mbichi zinahitaji siku tatu mpaka tano za jua kali, na kilo tatu zilizochumwa zinatoa kama kilo moja kavu. Zikiloa katikati ya safari zinavunda, zinapauka, na mnunuzi anaziona kutoka kwenye gari. Kwa hiyo ukungu ukishuka kutoka juu, kila mtu ni mwanuaji: watoto wa skuli, bibi asiyeona vizuri, hata mwalimu aliyekuwa anapita. Tunakunja maturubai kutoka pembe nne na kuyaburuta barazani. Mvua yenyewe imekuja matone tu, imetutazama, imekwenda zake. Tumeanika tena.

Saa kumi

Watalii wawili wamesimamisha pikipiki wapige picha karafuu. Huwa wanaulizia harufu kwanza, halafu maporomoko ya Gitgit, na wakishakunywa kahawa, bila kukosa, bei ya ardhi. Nawajibu ukweli: hapa watu huuziana wao kwa wao, na nyinyi sheria haiwapi. Mmoja akaniambia rafiki yake huko kusini ana nyumba, ameiandikisha kwa jina la dereva wake na wana karatasi ya pembeni. Nikamwambia sheria ile ile ya 1960 inasema mpango huo ni batili na ardhi inaangukia serikali. Rafiki yake amwombee dereva maisha marefu na mke asiye na tamaa. Alicheka, lakini kahawa hakuimaliza.

Saa moja na nusu usiku

Baada ya isha ndiyo kazi ninayoipenda. Magunia yaliyochumwa leo yanamwagwa sebuleni, majirani wanakuja, tunakaa kuyazunguka kuchambua. Unashika shada, unalibana kwenye kiganja, unalisokota mara moja: karafuu zinaanguka upande huu, makonyo upande ule. Makonyo hayatupwi, yana mnunuzi wake. Wanawake wa hapa wanatumia kidole gumba, mimi nasokota kwa kiganja kizima kama nilivyofundishwa na shangazi yangu, na ni juu ya hili tu ambapo Meme amewahi kukiri mbele ya watu kwamba Wapemba wanajua. Mikono inakuwa nyeusi na inawaka, usiguse jicho.

Ng'ambo ya njia wanaume wanafanya mazoezi ya burdah, kasida za kumsifu Mtume, matari na sauti nene, maneno ya Kiarabu kwenye maghani ya Kibali. Maulidi yakifika watazunguka na sokok, mapambo makubwa ya maua na mayai. Watoto wangu wanalala katikati ya makonyo.

Saa nne usiku

Wete ni saa kumi na moja jioni. Kaka yangu hasalimu, anauliza: "Kilo shilingi ngapi huko?" Namwambia, anabadilisha kwenye kikokotoo, anaguna, anasema wametuzidi. Kesho yake akipata bei mpya atasema tumewazidi. Ananiuliza shamba limekuwaje, namwambia bado tunangoja ofisi ya ardhi, anasema basi na huko pia. Mume wangu anadai simu azungumze naye, wanaelewana kwa Kiarabu cha Muscat, na mada yao ni moja: kamba. Yule fundi amekataa kupandisha watu kesho mpaka tununue mpya, na za nailoni hazitaki. Kwa hiyo saa moja asubuhi narudi tena Singaraja.