Bollinger ya 2012
Jana hapa Reims, Ufaransa, mwenyeji wangu kanifungulia shampeni, ule mvinyo wa mapovu: Bollinger La Grande Année ya 2012. Mimi ni mtu wa chai ya tangawizi, lakini hii jamani nilinyamaza kwanza. Harufu ya mkate uliotoka tanuri sasa hivi, tufaa, halafu kama lozi za kukaanga. Mapovu madogo, hayana fujo.

Shampeni nyingi huchanganya mavuno ya miaka tofauti. Yenye mwaka kwenye lebo ni ya mavuno ya mwaka huo tu, na 2012 iliwatesa wakulima: baridi kali, mvua ya mawe, zabibu chache. Kisha jua la mwisho wa kiangazi likaokoa zilizobaki.

Kampuni yenyewe ya Bollinger iko mji wa Aÿ, tangu 1829. Mvinyo huu bado wanauchachusha kwenye mapipa ya mwaloni, na ukikaa chini ghalani chupa hufungwa kwa kizibo cha gome, si kifuniko cha bati kama cha soda. Kisha chupa huzungushwa kwa mkono, kidogo kidogo, hadi machicha ya hamira yateremke shingoni. Kazi ya mtu mwenye subira kuliko mimi!

Aliyenivutia zaidi ni Lily Bollinger. Alifiwa na mumewe 1941, Wajerumani wakiwa wameikalia Ufaransa, akaishika biashara mwenyewe. Mashamba alikuwa akiyakagua kwa baiskeli.

Glasi ya pili sikuikataa.