Eti nimevuka bahari kuja kukamata mbwa

Jamani hii kitu ninayo moyoni tangu Jumapili, leo naitoa. Nilituma picha ya cheti changu kwenye grupu la familia, cheti cha kozi ya msingi ya afisa wa kudhibiti wanyama, nimevaa yunifomu na beji, nimependeza kweli, na wa kwanza kujibu akawa shemeji yangu, "hongera shemeji, kumbe bahari yote hiyo umevuka ukakamate mbwa". Hapo ndo wakapata pa kuanzia, vicheko mfululizo, mmoja anauliza digrii ya mbwa ni miaka mingapi, mama mwenyewe akaweka ile mikono miwili ya kuomba, mpaka leo sijajua ananiombea au ananisikitikia.

Sasa shemeji kwa heshima zote nakujibu hapa maana kule grupuni nitaambiwa nina hasira.

Niko Texas. Sheria ya jimbo hili inasema ukiajiriwa kazi hii una mwaka 1 tu uwe umemaliza kozi ya msingi, na baada ya hapo kila miaka 3 uwe umeongeza masaa 30 ya kusoma. Hiyo ndo digrii ya mbwa unayoicheka. Na kuna majimbo hayana hata hiyo sheria, mtu anaweza kupewa gari na fimbo ya kitanzi akaambiwa haya nenda, Mungu akutangulie, na wale wanang'atwa kweli kweli.

Siku ya kwanza nilidhani tutafundishwa kukamata. Wapi! Mkufunzi, mama mtu mzima ana kovu refu mkononi, akatuwekea klipu fupi fupi za mbwa, kazima sauti, anauliza huyu atang'ata au hatang'ata. Nilipata mbili kwenye kumi. Mimi ambaye nimekua na mbwa wamejaa mtaani nikapata mbili! Kumbe mkia kutikisika siyo lazima afurahi, maana yake kasisimka tu, unatakiwa uangalie mwili mzima, je umekakamaa, mdomo umefungwa ghafla, weupe wa jicho unaonekana pembeni, anajilamba midomo na hakuna chakula, anapiga miayo na hana usingizi. Yule anayebweka mara nyingi anakuomba uondoke. Aliyekuwa anabweka akanyamaza na kuganda, huyo ndo wa kuogopa.

Halafu zoezi la vitendo, mbwa mkubwa kasimama mbele yangu ananikazia macho, na mimi bila hata kuwaza nikainama mkono ukaenda chini. Mnajua nilikuwa nafanya nini, sina haja ya kueleza. Mkufunzi akaniuliza kwa upole kabisa, "umedondosha nini?" Sikuwa na jibu. Huku mbwa ukimwinamia ndo unamtisha zaidi, unatakiwa usimame kiubavu, usimkodolee macho, usikimbie, usimpe mgongo, na mkononi uwe na kitu cha kumpa ang'ate badala ya wewe, hata lile ubao la kuandikia ripoti linatosha. Ilinichukua wiki nzima kuufundisha huu mkono wangu usiende chini wenyewe.

Fimbo ya kitanzi yenyewe tuliiweka mwisho. Siyo ya kumwinulia mbwa kama samaki kwenye ndoana, ni ya kumweka mbali na wewe huku unatembea naye, kitanzi kikishamkaa unalegeza, na unajua kitufe cha kumwachia kilipo hata gizani. Paka haumvishi hicho kitanzi shingoni, paka ana wavu wake au mtego wake. Na mnyama yeyote ukimpata kabla ya yote unapitisha taratibu skana ya kusoma chipu, kile kidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi, unaanzia katikati ya mabega unashuka mpaka miguuni maana chipu inahama, ukipitisha haraka haraka unamkosa mwenye mbwa wakati namba iko pale pale chini ya ngozi.

Lakini shemeji lililonifanya niandike hivi siyo fimbo, ni somo la kichaa cha mbwa. Tulikaa nalo siku nzima. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa kila mwaka, karibu wote ni Afrika na Asia, na 99% ya wanaoambukizwa wanaupata kwa mbwa. Darasa zima walikuwa wanaandika noti kama mambo ya sayari nyingine, mimi peke yangu nilikuwa naona sura. Dalili zikishaanza hakuna dokta, karibu kila mtu anakufa. Ila kabla hazijaanza inazuilika! Kidonda unakiosha saa hiyo hiyo kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, unaenda hospitali unaanza chanjo, na siyo kupaka yale tunayopaka, mnayajua. Dakika 15 ni ndefu jaribuni siku moja na saa mkononi. Nimekuja kuambiwa hayo ukubwani, ughaibuni, kwenye kozi ya "kukamata mbwa".

Na nimeng'atwa tayari, tusidanganyane. Wiki ya tatu, kimbwa kidogo cha kupakatwa, bibi mwenye nacho anasema huyu haumi mwanangu. Mkufunzi alishatuambia ukisikia "huyu haumi" rudi nyuma hatua mbili, nikaona aibu kukirudia nyuma kitu kama mkoba, kikanipata kifundo cha mguu. Kikawekwa chini ya uangalizi masaa 240, hapa wanahesabu hivyo, siku 10 kamili tangu saa ya kung'ata, hata kama kina chanjo. Sababu ni kwamba kirusi hufika kwenye mate ya mbwa siku chache tu kabla hajaanza kuumwa, sasa siku 10 zikipita na yuko mzima basi siku aliyong'ata mate yake yalikuwa salama. Angekufa katikati wangepeleka kichwa maabara, maana kipimo ni cha ubongo. Ndo maana tunafundishwa mnyama unayemshuku usimpige kichwani, ukiponda ubongo umeponda majibu. Popo naye hivyo hivyo, na huku popo ndo wanatuhangaisha hasa, ukimkuta chumbani alipolala mtoto hata kama huoni alama ya jino unahesabu kama mtoto kang'atwa, jino la popo ni dogo mno.

Mimi kabla ya kuingia kazini nilichomwa sindano 2 za kinga, siku ya kwanza na baada ya wiki, mwajiri kalipa. Hapo niwapongeze.

Sheria nayo ilinishangaza. Mimi nilidhani ukishavaa beji unaingia tu. Thubutu! Mbwa anateseka uwani kwa mtu, mimi nasimama barabarani napiga picha pale ninaporuhusiwa kusimama, nabisha hodi, nabandika notisi mlangoni, na nikitaka kuingia ninahitaji kibali cha jaji labda iwe dharura ya kweli, maana katiba yao inalinda ua wa mtu kama sebule yake. Nikikosea hapo mahakamani kesi inakufa hata mbwa awe mifupa. Tangu Januari 2022 kumfunga mbwa nje kwa mnyororo Texas ni kosa, na lazima awe na maji na kivuli. Niliposoma hiyo nikacheka peke yangu, nikawakumbuka walinzi wote wa miguu minne wa utotoni mwangu.

Siyo sukari tupu. Kuna somo la kulaza wanyama usingizi wa milele, kwa sindano ya dawa inaitwa pentobabitali, na hiyo sitaielezea sana. Jirani yangu darasani, dume la futi sita, alitoka nje akarudi macho mekundu hakuna aliyemuuliza kitu. Kuna watu wanakutukana mlangoni pia, mmoja alisikia lafudhi yangu akasema anataka afisa wa kweli, nikamwambia wa kweli ndo huyu na notisi yako ndo hii.

Na nyie mnaonitumia inboksi "dada nifanyie mpango wa kazi ya wanyama", nisikilizeni. Hii kazi haikuleti Marekani. Hakuna viza ya mbwa, ajenti akikuambia ipo anakula hela yako. Ukishakuwa huku na kibali halali cha kazi ndo unaomba, wanataka cheti cha sekondari, leseni ya udereva safi, historia isiyo na makosa, na uwe na mgongo wa kubeba mbwa mzito. Anzia kusafisha mabanda kwenye makao ya wanyama, hapo ndo watakuona kama unafaa. Mshahara si wa kujengea ghorofa, polisi anakuzidi mbali na mnafika mlango mmoja, hilo linaniuma na nitalisema mpaka wanisikie.

Shemeji nilimtumia voisi ya dakika saba nikimweleza haya, hasa yale ya dakika 15 na sabuni maana ana watoto watatu na wanapita kwenye wale mbwa kwenda shule. Tiki mbili za bluu, kimya. Mama ndo kaijibu, "mwanangu huyo popo mnamshikaje sasa?" Kwa glovu za ngozi mama, unamfunika na kopo ukutani, unapitisha kadibodi chini yake, unafunga. Niko zamu ya usiku na redio imeita sasa hivi, nadhani ndo huyo huyo, ngoja nitafute kopo.