Gia Inapokataa Kuingia: Mguu, Klachi na Frii ya Uongo

Waendesha pikipiki wengi huamini kwamba gia ikikataa kuingia, au ikiingia kisha ikachomoka na kuiacha injini ikilia bure, basi giaboksi imekwisha na hakuna dawa nyingine ila kupasua injini. Imani hiyo inawagharimu fedha nyingi bila sababu. Kwa pikipiki ndogo za kazi, zile zenye injini ya CC 100 hadi 150 ambazo hubeba abiria asubuhi na magunia ya mkaa jioni, mimi naanza kila mara kwa kushuku vitu vilivyo nje ya injini, ambavyo hukaguliwa kwa spana mbili na utulivu kidogo, na kabla ya hivyo naushuku mguu wa anayeiendesha.

Inafaa kwanza kujua kinachotendeka ndani. Katika giaboksi ya pikipiki, gia zote huwa zimeshikana na wenza wao muda wote. Unapobadilisha gia, kinachobadilika ni gia ipi imefungwa kwenye shafti yake na ipi imeachiwa izunguke bure. Kazi hiyo ya kufunga hufanywa na vijino vifupi na vinene vilivyo ubavuni mwa gia, ambavyo huingia kwenye matundu ya gia jirani. Gia inayoteleza husukumwa na uma wa chuma, na uma huo hufuata mfereji uliochongwa kwenye ngoma ndogo inayozunguka hatua moja kila unapokanyaga pedeli. Kwenye ncha ya ngoma hiyo kuna kipande chenye umbo la nyota, na juu yake imebanwa rola ndogo kwa springi. Rola ikitumbukia kwenye bonde la nyota, ngoma hutulia na gia hushika sawasawa. Ukikanyaga nusunusu, rola husimama juu ya kilima kati ya mabonde mawili, vijino vya gia ya zamani vikiwa vimekwisha kuachia na vya gia mpya havijafika, na hapo unakuwa kwenye frii ya uongo: injini inazunguka, tairi linazunguka, lakini hakuna kinachoviunganisha.

Taa ya kijani kwenye dashibodi husaidia kutofautisha mambo haya. Swichi yake imefungwa ili iwake ngoma inapokaa mahali pa frii halisi peke yake, ambayo katika pikipiki nyingi iko kati ya gia ya kwanza na ya pili. Kwa hiyo ikiwa ulikuwa unatoka gia ya kwanza kwenda ya pili, injini ikalia na taa ikawaka, hiyo ni frii ya kweli. Mguu wako ulienda nusu ya mwendo uliotakiwa, na mashine haina kosa. Ikiwa ulikuwa unatoka ya tatu kwenda ya nne, injini ikalia na taa haikuwaka, hapo una frii ya uongo, na ikijirudia baina ya gia zilezile kila siku, una jambo la kuchunguza.

Hatari yake haiko barabara tambarare. Huko utaaibika tu mbele ya abiria na kuendelea na safari. Hatari iko kwenye mteremko, kwa sababu pikipiki iliyo kwenye frii haishikwi tena na injini. Barabara ya kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ni mfano mzuri: Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo iko chini kabisa bondeni, na kati yake ni kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Anayeshuka pale akiwa na abiria na mzigo wa mboga, akakosa gia wakati anashusha kutoka ya nne kwenda ya tatu, huhisi pikipiki ikichomoka mbele ghafla, na uzito wote hubaki kwenye breki. Breki za ngoma za pikipiki hizi zikitumika mfululizo hupata moto, na zikipata moto hupungua nguvu.

Likikutokea, jambo la kwanza ni kufunga resi kabisa na kubana klachi, kisha kugusa breki zote mbili kwa upole huku ukinyoosha macho kule unakotaka kwenda. Baada ya hapo irudishe gia ya juu, ile uliyokuwa nayo, kwa mkanyago mmoja ulio kamili, kisha uachie klachi taratibu. Wengi hufanya kinyume: hukanyaga kuelekea gia za chini mara mbili tatu kwa hofu, bila kujua wamefika ya ngapi, kisha huachia klachi kwa mpigo. Ikiwa kwa bahati mbaya wameangukia gia ya pili katika mwendo wa gia ya nne, injini hulilazimisha tairi la nyuma kupunguza mwendo papo hapo, tairi hukwama na kuanza kuburuzika, na kwenye kona yenye changarawe hapo hakuna mjadala tena. Gia ya juu haina ubaya huo. Ikishika, utakuwa umerudi mahali ulipokuwa, na unaweza kuanza upya kushusha.

Sasa turudi kwenye mguu. Pedeli ya gia ya siku hizi husogea hatua moja, hushika gia moja, kisha hurudi katikati yenyewe kwa nguvu ya springi. Mfumo huu si mpya. Kampuni ya Velocette ya Uingereza ndiyo iliyoupa umaarufu kwenye mashindano mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati wapinzani wao wengi walikuwa bado wanatoa mkono kwenye usukani ili kusukuma mtaimbo wa gia kando ya tangi. Kinachosahauliwa ni kwamba pedeli isiporudi katikati kabisa, kile kidole cha chuma kinachoizungusha ngoma hakijishiki upya, na mkanyago unaofuata hupita hewani. Dereva anayepumzisha mguu juu ya pedeli baada ya kuingiza gia anaizuia isirudi. Anapotaka gia inayofuata anakanyaga, anasikia pedeli imelegea, hakuna kitu, na analaumu giaboksi. Mtazame mtu wa aina hiyo kwa nyuma ukiwa kwenye foleni, utaona kidole gumba chake kimetulia pale muda wote.

Viatu navyo vina sehemu yake. Kupandisha gia kwa kunyanyua pedeli ukiwa umevaa kandambili kunaumiza juu ya vidole, na kinachoumiza hufanywa kwa woga, yaani nusunusu. Gambuti za msimu wa mvua zina kasoro tofauti: ni nene kiasi kwamba haziingii vizuri chini ya pedeli, na dereva hunyanyua kwa pembeni. Raba ya kawaida yenye soli ngumu inatosha. Pikipiki nyingi ndogo za asili ya Kihindi zina pedeli ya pande mbili, ya vidole na ya kisigino, na katika baadhi yake gia zote hukanyagwa upande mmoja kuanzia frii, hivyo anayeazima pikipiki ya mwenzake aulize mpangilio kabla ya kuondoka, kwa maana mguu una mazoea na hausubiri kuelekezwa.

Halafu kuna mwafaka wa mkono na mguu. Vijino vya gia hutoka kwenye matundu yao kwa urahisi pale tu ambapo injini haivutani na tairi. Anayekanyaga pedeli huku bado ameshikilia resi, au anayebana klachi baada ya mguu kuanza kazi, analazimisha vijino vitoke vikiwa vimebanwa, na ndiyo maana gia hukataa au huingia kwa kishindo. Mpangilio unaofaa ni kufunga resi na kubana klachi kwa pamoja, kukanyaga mara moja kwa uthabiti hadi mwisho wa mwendo wa pedeli, kuushikilia mguu pale kwa kitambo kifupi mpaka klachi ianze kushika, kisha kuuondoa kabisa. Wapo wanaojisifu kwamba wanapandisha gia bila klachi. Inawezekana, kwa sababu resi ikifungwa kwa wakati wake vijino hulegea vyenyewe, lakini kwa pikipiki iliyobeba mshikaki wa watu watatu kila kosa dogo la wakati hugonganisha vyuma, na kingo za vijino ndizo zinazolipa.

Ikiwa mguu hauna lawama, anza na waya wa klachi. Mkono wa klachi unatakiwa uwe na uhuru kidogo kabla haujaanza kuvuta. Pikipiki nyingi ndogo hutakiwa kuwa na milimita 10 hadi 20 zikipimwa kwenye ncha ya mkono huo. Uhuru ukizidi, klachi haiachii yote, pleti zinaendelea kuburuzana, gia huingia kwa kishindo na frii haipatikani pikipiki ikiwa imesimama. Uhuru ukikosekana kabisa, klachi huteleza. Waya ulioanza kukatika nyuzi moja moja hutoa dalili zilezile za uhuru uliozidi, na bei yake hailingani hata kidogo na ya kupasua injini.

Kisha tazama pedeli yenyewe. Nut inayoibana kwenye shafti yake ikilegea, meno ya ndani ya pedeli husagika, na sehemu ya mwendo wa mguu hupotelea hapo. Fundi ninayempelekea yangu ana kawaida ya kuishika pedeli kwa vidole viwili na kuitikisa kabla hajauliza swali lolote. Siku moja kijana mmoja wa bodaboda alifika kwake akiwa amekwisha kuambiwa kwingine kwamba injini ipasuliwe. Mzee aliitikisa pedeli, ikacheza kama upana wa kidole bila shafti kusogea, akamwonyesha. “Mwanangu,” alimwambia, “hii injini haijakukosea lolote. Katafute pedeli.” Ikiwa pikipiki iliwahi kuangukia ubavu wa kushoto, kagua pia kama pedeli imepinda hadi inagusa kava ya injini, kwa sababu hapo haiwezi kukamilisha mwendo wake upande mmoja.

Oili inastahili maneno zaidi, maana klachi ya pikipiki hizi huogelea kwenye oili ileile ya injini na giaboksi. Oili ya magari yenye viungo vya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta inaweza kuifanya klachi iteleze, na kwa sababu hiyo Wajapani waliweka mwaka 1998 kiwango cha JASO kwa oili za pikipiki. Tafuta maandishi MA au MA2 kwenye kopo. Oili iliyozeeka hupoteza uzito wake na gia huanza kuingia kwa ukavu. Ukimwaga oili ukaona gia zimelainika siku hiyohiyo, umeshapata jibu lako. Na ukiwa unaimwaga, ipitishe kwenye kitambaa cheupe: unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, ila vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho ni habari nyingine.

Cheni naitaja kwa kifupi. Iliyokazwa mno huivuta shafti ya giaboksi, na iliyolegea mno hutupa mishtuko kwenye vijino kila unapofungua na kufunga resi. Zote mbili huharibu wepesi wa gia.

Yote hayo yakiwa sawa na tatizo likabaki, ndipo kava hufunguliwa, lakini hata hapo si lazima injini ipasuliwe. Katika pikipiki nyingi za aina hii, ile nyota na rola yake viko upande wa kulia nyuma ya klachi, na hufikiwa kwa kufungua kava ya klachi na kuitoa klachi yenyewe. Springi ya rola iliyochoka au kukatika, bolti ya nyota iliyolegea, na springi ya kurudisha pedeli iliyovunjika, vyote hutengenezwa hapo kwa gharama ya gasketi mpya na oili mpya. Fundi anayeruka hatua hii mtilie shaka.

Dalili inayohalalisha kupasua injini ni moja hasa: gia inaingia vizuri, unasikia imeshika, kisha inachomoka yenyewe unapofungua resi, hasa unapopanda mlima na mzigo. Vijino vya gia huchongwa kwa mteremko mdogo wa kurudi ndani ili nguvu ya injini ivivute vishikane zaidi. Kingo zikiliwa zikawa mviringo kama kipande cha sabuni kilichotumika, nguvu ileile huvisukuma vitoke. Hakuna oili wala ufundi wa mguu unaorudisha kingo hizo. Injini ikishapasuliwa, omba uonyeshwe gia zilizotoka na uma zake, upitishe kucha kwenye kingo za vijino, na utazame kama uma imepinda au imeungua rangi ya bluu kwenye ncha. Usikubali kununua gia moja ikafungwa na mwenza wake aliyeliwa, kwa sababu vijino vipya vinavyoingia kwenye matundu yaliyochakaa huliwa haraka, na utarudi kwa fundi yuleyule na malalamiko yaleyale. Zile klipu za duara zinazozuia gia kutembea kwenye shafti nazo zibadilishwe zote, hata kama fundi atasema za zamani bado nzima, maana klipu iliyokwisha kupanuliwa wakati wa kuitoa haibani tena kama ilivyokuwa.